Mcheza Kwao Hutuzwa? Maisha na Kazi ya Mpiga Ngoma wa Chuka

1. Utangulizi

Katika maandishi yahusuyo muziki wa Kenya, wapiga ngoma wa Chuka hutajwa mara nyingi, na kila watajwapo husifiwa. Husifiwa kwa wepesi wa mikono, kwa umoja wa mapigo, na kwa jinsi ngoma zao ndefu, zilizobanwa baina ya mapaja, zinavyoyumba pamoja na viuno vya wapigaji kana kwamba ni viungo vya miili yao. Hata hivyo, apitiaye maandishi hayo kwa makini huona jambo moja la ajabu: anayesifiwa ni kabila, wala si mtu. Vitabu, vibandiko vya sahani za santuri na ratiba za sherehe husema tu "wapiga ngoma wa Chuka". Nani aliongoza, nani alimfunza kiongozi huyo, na nani alikuwa bora kuliko wenzake, hayo aghalabu hayaandikwi.

Makala hii inakusudia kuchunguza maisha na kazi ya msanii huyo tangu zama za marika ya vijana hadi zama za katiba mpya ya Kenya. Hoja yake ni kwamba mpiga ngoma wa Chuka ni mwanamuziki wa klasiki kwa kila kigezo cha haki, na kwamba kukosekana kwa jina lake katika kumbukumbu hakutokani na upungufu wa sanaa yake wala na desturi ya Kiafrika ya kutojali mtu binafsi. Kunatokana na historia ya asasi: ni nani aliyemwajiri msanii, ni nani aliyemrekodi, na kwa faida ya nani.

Wachuka wakaa kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya. Kusini yao wako Waembu. Kaskazini wako Wamuthambi na Wamwimbi, kisha Wameru wengine. Kwa muda mrefu baada ya uhuru nchi yao ilihesabiwa kuwa sehemu ya Wilaya ya Meru, katika Mkoa wa Mashariki ambao makao yake makuu yalikuwa Embu. Mwaka 1992 iliundwa Wilaya ya Tharaka-Nithi, na tangu 2013 eneo hilo ni kaunti yenye jina hilohilo. Lugha yao nayo iko baina. Guthrie aliiweka Kiembu katika namba E52 na Kimeru katika E53, naye Möhlig, katika utafiti wake wa 1974 kuhusu lahaja za mashariki ya Mlima Kenya, alionyesha jinsi ilivyo vigumu kukata mipaka mikali katika mfululizo wa lugha hizo. Kwa hiyo, kumzungumzia mpiga ngoma wa Chuka ni kuizungumzia Meru na Embu pamoja, kwani yeye yuko mahali zinapokutana.

2. Maneno Mawili Yenye Kutatiza

Kabla ya kuendelea, hapana budi kuyatazama maneno mawili: "ngoma" na "klasiki".

Katika Kiswahili, neno ngoma lina maana tatu zilizoshikamana. Kwanza ni chombo kilichowambwa ngozi. Pili ni mchezo unaoandamana na chombo hicho. Tatu ni hafla yenyewe, watu wakikusanyika usiku au mchana kwa shughuli. Lakini katika Gikuyu na Kiembu, neno lenye umbo hilohilo lina maana ya mizimu, yaani roho za wafu. Kimeru husema nkoma, na Wamijikenda wa pwani husema koma kwa maana hiyo ya mizimu. Mwanaisimu huona mara moja kwamba haya ni maneno mawili yenye mizizi tofauti, yaliyokutana kwa ajali ya fonolojia: katika Gikuyu konsonanti k hugeuka g ifuatapo nazali, ilhali Kimeru huihifadhi. Kwa hiyo ngoma ya mizimu si ngoma ya ngozi.

Ajali hiyo haikukosa matokeo katika historia. Kanisa la Anglikana katika Embu lilitumia Biblia ya Gikuyu, na humo neno ngoma lilihusishwa na pepo wabaya. Wakati huohuo Kiswahili, lugha ya maofisa wa serikali na ya askari wao, kililitumia neno hilohilo kwa michezo ya wenyeji. Si ajabu basi kwamba muumini mpya aliyesikia ngoma ikilaaniwa kanisani na ngoma ikidhibitiwa barazani aliona kuwa adui ni mmoja. Chuki ya wamisionari dhidi ya michezo ya jadi ilikuwa na sababu nyingine kubwa zaidi, lakini maneno haya mawili yaliisaidia.

Neno klasiki nalo lina nasaba yake. Katika Kilatini, classicus lilikuwa neno la hesabu ya raia: mtu wa daraja la kwanza kwa mali. Katika karne ya pili mwandishi Aulus Gellius alilihamisha kutoka kwenye mali kwenda kwenye maandishi, akimaanisha mwandishi wa daraja la juu, wa kutegemewa. Tangu asili, basi, neno hili halikumaanisha fidla wala piano wala karatasi ya nota. Lilimaanisha kazi inayoaminiwa kuwa kipimo cha kazi nyingine. Sanaa ya muziki ikiwa na kanuni zinazojulikana, ikiwa na mafunzo ya kupitisha kanuni hizo, na ikiwa na hadhira yenye uwezo wa kusema "hapa amepatia, pale amekosea", basi sanaa hiyo ni klasiki, hata kama haijapata kuandikwa.

3. Mafunzo ya Msanii

Mpiga ngoma huanza na mti. Katika nchi za Mlima Kenya, mti uitwao muringa umetumiwa kwa kuchonga mizinga ya nyuki, vinu na ngoma, kwa kuwa mbao yake ni imara lakini haikatai patasi. Fundi huutoboa mti na kuuacha wazi upande mmoja. Upande wa pili huwambwa ngozi. Ngozi hulegea kwa unyevu na hukaza kwa joto. Kwa hiyo kuiota motoni au kuianika juani kabla ya mchezo si jambo dogo. Ndiko kuilinganisha sauti ya ala, kama vile mpiga fidla akazavyo nyuzi zake. Mwanagenzi asiyejua kuisikiliza ngozi yake hajawa mpiga ngoma, hata mikono yake ikiwa mepesi namna gani.

Ngoma ya Chuka ni ndefu. Mpigaji huibana baina ya mapaja yake, ikainama mbele, akaipiga kwa viganja vyote viwili. Kutokana na mkao huo, kupiga na kucheza hakutenganishwi. Mwili ukiyumba, ngoma huyumba. Ngoma ikiyumba, pembe ya mkono kuikabili ngozi hubadilika. Mpigaji hana budi kuyajua mambo hayo mawili kama jambo moja. Mahali pengi katika Afrika kuna wapigaji waketio na wachezaji wasimamao; huku kwa Wachuka mtu mmoja hubeba kazi zote mbili, naye hufanya hivyo katika safu ya wenzake wafanyao vilevile kwa wakati mmoja.

Pigo la katikati ya ngozi hutoa sauti nzito, na pigo la pembeni hutoa sauti kali. Kutokana na sauti hizo hujengwa mpangilio ambamo pigo la mmoja hujaza nafasi iliyoachwa na mwenzake. Msikilizaji husikia mdundo ambao hakuna hata mmoja wao aupigaye peke yake. Hapo ndipo penye ugumu wa sanaa hii na ndipo penye elimu yake. Mtu anaweza kujifunza sehemu yake kwa siku chache. Kuishika sehemu hiyo wakati wenzake wanamvuta huku na huku ni kazi ya miaka.

Mafunzo hayo hayakuwa na shule yenye kuta, lakini hayakuwa bila shule. Katika jamii za Meru, vijana waliokwisha kutahiriwa waliishi pamoja katika gaaru, nyumba ya wapiganaji, nao waliitwa nthaka. Gaaru ilikuwa mahali pa kufunzwa vita, adabu, usemi na nyimbo. Waembu nao walikuwa na mpango wa rika, na juu yake vizazi viwili, Nyangi na Kimanthi, vilivyopokezana mamlaka ya jamii kwa sherehe ya nduiko. Katika utaratibu wa namna hiyo, kila muziki ulikuwa na umri wake. Kulikuwa na nyimbo za watoto, nyimbo za jando, nyimbo za vijana na nyimbo za wazee, na mtu alihama kutoka fungu moja hadi jingine kadiri alivyokua. Kwa hiyo kazi ya mwanamuziki haikuwa ajira bali ngazi. Alipanda pamoja na rika lake, na alipofika juu akawa msikilizaji na hakimu wa walio chini yake.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba jamii hizi hazikuwa na wafalme. Mamlaka yalikuwa ya mabaraza ya wazee, na katika Meru baraza kuu lilikuwa Njuri Ncheke. Palipokosekana mfalme hapakuwa na jumba la kifalme, na palipokosekana jumba la kifalme hapakuwa na mwanamuziki wa jumba, alishwaye na kuvishwa ili apige ngoma tu. Jambo hili litaonekana kuwa na uzito mkubwa hapo mbele.

4. Misheni, Nota na Toni

Majeshi ya Waingereza yaliishinda Embu mwaka 1906, na kituo cha serikali kikafunguliwa Meru mwaka 1908. Wamisionari walifuata upesi. Waanglikana walianzisha kituo cha Kigari, Embu, mwaka 1910; Wamethodisti wakaanzisha Kaaga, Meru, mwaka 1912; Wakatoliki wa shirika la Consolata nao waliingia Meru katika miaka hiyohiyo; na mwaka 1922 daktari Mskoti Clive Irvine alifungua misheni ya Chogoria, karibu kabisa na nchi ya Wachuka.

Vita vya rika vilipokatazwa, gaaru ilipoteza kazi yake ya kwanza, na pamoja nayo ikaanza kutoweka shule ya muziki wa vijana. Misheni ilileta shule nyingine. Humo ala ilikuwa kinanda, na maandishi yalikuwa herufi za tonik solfa, yaani do-re-mi, mtindo uliobuniwa Uingereza na kuenezwa na John Curwen katika karne ya 19, ukaenea Afrika yote pamoja na vitabu vya nyimbo za dini. Mwalimu wa shule ya misheni alijifunza kuusoma mtindo huo, akawafunza watoto sauti nne, akawa kiongozi wa kwaya. Hivyo alizaliwa mwanamuziki wa aina mpya: aliyeshika kitabu, aliyepata cheti, na ambaye jina lake liliandikwa katika daftari la shule.

Mwanamuziki huyu mpya alikabiliwa na tatizo ambalo wanaisimu wanalijua vema. Kimeru, Kiembu na Kichuka ni lugha zenye toni: kiwango cha sauti kikibadilika, maana yaweza kubadilika. Wimbo wa jadi huifuata toni ya maneno kwa kiasi kikubwa. Bali wimbo wa kanisa ulikuja na mahadhi yaliyokwisha kutungwa kwa lugha nyingine, na mahadhi hayohayo hutumiwa kwa beti zote. Hata kama mfasiri angefaulu kupatanisha toni na mahadhi katika ubeti wa kwanza, ubeti wa pili una maneno mengine na toni nyingine. Kwa sababu hiyo waimbaji walijikuta wakipandisha sauti pale lugha iliposhuka, na kurefusha irabu fupi. Wazee waliokaa nje ya kanisa wakisikiliza hawakusikia muziki mbaya tu. Walisikia lugha yao ikisemwa vibaya. Mwalimu wa kwaya mwenye sikio zuri alilijua jambo hili, na juhudi za baadaye za kutunga nyimbo za kanisa kwa mahadhi ya kienyeji zilitokana kwa sehemu kubwa na maumivu hayo.

Mwaka 1929 ulizuka mgogoro mkubwa kati ya misheni na waumini kuhusu tohara ya wasichana. Ulianza Ugikuyuni ukaenea hadi Embu na Meru, na waumini wengi wa Chogoria waliondoka kanisani. Silaha moja ya wapinzani ilikuwa wimbo uitwao Muthirigu, ulioimbwa na kuchezwa na vijana kwa kuwakejeli wamisionari, machifu na maofisa. Mapema mwaka 1930 serikali iliupiga marufuku. Mintarafu ya mada hii, tukio hilo lina maana mbili. Kwanza, serikali ilikiri kwa kitendo kwamba wimbo una nguvu. Pili, iliwafanya wanamuziki wa jadi wajifunze faida ya kutojulikana. Mtunzi wa beti za Muthirigu aliyetaja jina lake angejitia mashakani. Kutokuwa na jina, ambako zamani kulikuwa tabia ya rika, sasa kukawa kinga.

5. Ngoma na Dola

Hali ya hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na kuondolewa mwaka 1960 iliigusa Embu na Meru kwa ukali. Watu walihamishwa wakakusanywa katika vijiji, usiku ulikuwa wa kujifungia, na mikusanyiko ilitazamwa kwa shaka. Sanaa ambayo uhai wake ni mkusanyiko haiwezi kupita katika miaka kama hiyo bila jeraha, kwa maana kijana aliyekuwa na miaka 15 wakati hali hiyo ilipotangazwa alifikia utu uzima bila nafasi ya kawaida ya kujifunza kwa waliomtangulia.

Uhuru ulipokuja tarehe 12 Desemba 1963, ngoma iliitwa tena, na safari hii mwitaji alikuwa dola lenyewe. Katika mwezi huohuo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umepitisha hati yake ya liturjia, iliyotaka muziki wa jadi wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Basi katika muda wa siku nane milango miwili iliyokuwa imefungwa, wa serikali na wa Kanisa Katoliki, ilifunguliwa kwa ngoma. Vyombo vilivyotupwa nje vikarudishwa ndani.

Hata hivyo, namna ya kurudi ndiyo yenye kuhitaji uchambuzi. Mfano ulio wazi ni wimbo wa taifa la Kenya. Mahadhi yake yanatokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo. Tume iliyoutayarisha mwaka 1963 ilikuwa na watu watano, na majina yao yanajulikana: Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake. Jina la Mzee Meza Morowa Galana, Mpokomo, nalo lilihifadhiwa. Kwa hiyo, palipokuwa na haja na nia, jina la msanii wa jadi liliweza kuandikwa. Wapiga ngoma wa Chuka, kwa upande wao, walipokuja kuipamba sikukuu ya taifa, kilichoandikwa katika ratiba kilikuwa jina la kabila lao, kwa sababu dola lilihitaji kuonyesha kwamba makabila yote yamo. Kila kundi lilisimama kwa niaba ya eneo lake. Mtu binafsi hakuwa na nafasi katika hesabu hiyo.

Mwaka 1971 serikali ilianzisha Bomas of Kenya, nje kidogo ya Nairobi, ambako kikundi cha wachezaji wa makabila mbalimbali kilijifunza na kuonyesha ngoma za jamii nyingi za Kenya. Faida yake haikanushiki: vijana wa mjini na wageni waliona mambo ambayo wasingeyaona. Lakini ngoma ya jadi ipandishwapo jukwaani hubadilika kwa njia tatu. Hupungua muda, kwani mchezo wa usiku mzima hutakiwa umalizike kwa dakika chache. Hugeuka uso, kwani duara la jamii huwa safu inayowakabili watazamaji waliolipa kiingilio. Na hubadilisha hakimu, kwani mzee aliyejua kosa la mkono amebadilishwa na mtalii ambaye kwake kila pigo ni zuri. Badiliko hili la tatu ndilo zito. Sanaa ya klasiki ikikosa msikilizaji mwenye kuikosoa hubaki na sura yake, lakini mizani yake hulegea.

Serikali haikulifumbia macho tatizo hili. Mwaka 1982 iliundwa tume ya rais kuhusu muziki wa taifa, chini ya uenyekiti wa Washington Omondi, nayo ikatoa ripoti yake mwaka 1984. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliingiza muziki katika masomo ya shule za msingi, na mwaka 1988 kikaundwa chombo cha kudumu cha muziki chini ya ofisi ya rais. Senoga-Zake, Mganda aliyefundisha muziki nchini Kenya kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1986 kitabu chake kuhusu muziki wa jadi wa Kenya, ambacho kiliwapa walimu maelezo ya ala na nyimbo za jamii nyingi. Nayo tamasha ya muziki ya Kenya, ambayo chanzo chake ni mwaka 1927, iliendelea kuwakutanisha wanafunzi wa kila upande, hata ikawa jambo la kawaida kwa shule ya mkoa mmoja kushindana kwa ngoma ya mkoa mwingine. Katika yote hayo ngoma ilipata walimu wengi. Mpiga ngoma mkongwe aliyeketi kijijini hakupata kuwa mwalimu kwa daraja wala kwa mshahara.

6. Jina Hutoka Wapi?

Ili kuipima hoja hii, yafaa kumlinganisha msanii wa Chuka na wanamuziki wengine ambao majina yao yamesalia.

Wa kwanza ni Evaristo Muyinda wa Buganda, aliyezaliwa mwaka 1914 akafariki 1993. Huyu alikuwa mwanamuziki wa Kabaka, bingwa wa amadinda, marimba yenye vibao 12 ipigwayo na watu watatu. Katika amadinda pia pigo la mmoja huingia katika nafasi ya mwenzake, na msikilizaji husikia mahadhi yasiyopigwa na mtu mmoja. Kwa msingi wa sanaa, hakuna pengo kubwa baina yake na ngoma ya Chuka. Lakini Muyinda alikuwa na jumba la kifalme. Baadaye alifanya kazi katika Jumba la Makumbusho la Uganda, alikokuwako mtaalamu Klaus Wachsmann, na tangu mwisho wa 1959 alimfunza Gerhard Kubik, aliyechapisha uchambuzi wake wa muziki huo mwaka 1960. Jeshi lilipolishambulia jumba la Kabaka huko Mengo mwezi Mei 1966, ala za kifalme ziliangamia. Lakini elimu ilikuwa imekwisha kuandikwa pamoja na jina la mwalimu wake.

Wa pili ni Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata 1880. Yeye hakuwa na cheo wala nasaba ya kujivunia. Wazazi wake walitoka katika utumwa. Jina lake lilivuka bahari kwa sababu mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay na kampuni ya santuri, ambayo ilihitaji jina la mtu ili iuze sahani. Baada ya kifo chake mwaka 1950, Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Wa tatu ni Joseph Haydn wa Ulaya. Mkataba wake wa 1761 na ukoo wa Esterházy ulimfanya mtumishi mwenye kuvaa sare, na ulimkataza kuwapa wengine nakala za tungo zake. Ni katika mkataba mpya wa 1779 ndipo alipopata uhuru wa kuziuza. Mtu huyu, ambaye leo ni mfano wa juu wa muziki wa klasiki, kwa miaka 18 hakuwa na mamlaka juu ya kazi ya mikono yake. Karatasi ndiyo iliyomwokoa: wachapishaji walipozitangaza tungo zake, jina lilisafiri pamoja nazo.

Jumba, santuri na karatasi: hizo ndizo asasi tatu zilizoyabeba majina hayo. Mpiga ngoma wa Chuka alikosa zote tatu. Hakuwa na mfalme, hakuuzwa kwa jina lake madukani, na sanaa yake haikuandikwa kwa nota. Asasi iliyomchukua, yaani dola la taifa, ilimchukua kama sehemu ya kundi. Kwa hiyo, asemaye kwamba muziki wa Kiafrika hauna watunzi bali una makabila tu, anaugeuza mwisho wa historia kuwa mwanzo wake.

7. Mali ya Wote na Kazi ya Mmoja

Kuna pingamizi lenye uzito. Wako wasemao kwamba kumtafutia mpiga ngoma jina ni kumvisha koti la Ulaya. Kwamba katika rika kila mtu ni sawa na mwenziwe, na anayejitenga na kundi ameivunja ngoma. Wahenga nao wameonya kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka.

Pingamizi hili lina ukweli wake, kwani kweli ngoma hii haipigwi na mtu mmoja. Lakini kitu kuwa mali ya wote hakumaanishi kwamba kila mmoja alikifanya kwa kiasi kilekile. Shamba la ukoo ni la ukoo, na bado kila mtu anajua nani alilipanda migomba. Ndani ya kundi lenyewe kiongozi anajulikana, mwanagenzi anajulikana, na anayekosea anajulikana zaidi. Usawa wa rika haukuwa kutojua; ulikuwa elimu ya pamoja ambayo haikuhitaji kuandikwa kwa kuwa wote walikuwapo. Mara kundi lilipochukuliwa nje ya nchi yake, elimu hiyo ilibaki nyumbani, na kilichosafiri kilikuwa jina la kabila peke yake.

Siku hizi jambo hili limekuwa la kisheria pia. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 11, inalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zipate fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni wao. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni ilipitishwa mwaka 2016, ikaziagiza serikali za kaunti zikusanye na kuziandikisha sanaa za jamii zilizomo. Kwa upande mwingine, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamtambua mtumbuizaji kama mtu mwenye haki zake. Mpiga ngoma yuko baina ya sheria hizi mbili. Ya kwanza inaiona jamii na haimwoni yeye. Ya pili inaweza kumwona, lakini kwa sharti kwamba ajulikane ni nani na alipiga nini. Katika rekodi ambayo kibandiko chake hutaja kabila tu, haki ya mtumbuizaji haina pa kushika. Hivyo jina, ambalo laweza kuonekana kama pambo la historia, limekuwa ndilo tofauti baina ya kulipwa na kutolipwa.

Mwaka 2014 ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Hatua hiyo ilionyesha kwamba ngoma ya jamii ya Kenya yaweza kupata kumbukumbu ya kimataifa. Lakini orodha hulinda sanaa kwa jumla. Ufundi wa mkono hukaa kwa watu, nao hawalindwi kwa kuandikiwa jina la kabila.

8. Hatima

Leo nchi ya Meru na Embu ina vyuo vikuu ambavyo havikuwako wakati wimbo wa Muthirigu ulipopigwa marufuku. Chuo Kikuu cha Methodisti kilipata hati yake mwaka 2006, vya Chuka na vya sayansi na teknolojia Meru mwaka 2013, na cha Embu mwaka 2016. Wazee wenye ngoma wanaishi umbali wa mwendo mfupi kutoka katika vyumba vya mihadhara. Kazi inayongoja si kubwa wala haihitaji mitambo ya gharama: kumrekodi mpigaji mmoja mmoja kabla ya kulirekodi kundi, kuandika jina lake, rika lake, kijiji chake na jina la aliyemfunza, kuyaandika maneno ya sanaa hiyo kwa lugha yake pamoja na alama za toni, na kumrudishia nakala. Wanaisimu wanaifahamu kazi hiyo kuliko wanamuziki, maana tangu zamani wao hawakubali data isiyo na msemaji.

Methali ya Kiswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Wachuka wamecheza kwao, wakacheza na Nairobi, mbele ya marais na mbele ya wageni, na tuzo ilitolewa kila mara kwa kabila. Nasaba za waalimu na wanagenzi wa ngoma hiyo bado ziko katika vinywa vya wazee, na kila msimu wa mvua unaopita huondoka na baadhi yao.